Rimu za Forester kwenye Premio: nilipofikia

Wiki ya kupima

Toyota Premio yangu inatembelea rimu za chuma za inchi 15 tangu ishuke bandarini, na wilikapu mbili zilishadondoka barabarani zamani. Pale Ilala nikakuta seti ya rimu za Subaru Forester, lile toleo la SG, inchi 16, tairi zikiwa bado juu yake. Muuzaji akanimalizia mjadala: "Bosi, tundu tano kwa tundu tano, unaogopa nini?"

Toyota Mark X nayo ina tundu tano, na rimu yake haiingii kwenye Premio hata uisukume kwa goti. Premio ni 5x100, Mark X ni 5x114.3. Namba ya kwanza ni idadi ya matundu; ya pili ndiyo kipenyo, kwa milimita, cha duara linalopita katikati ya matundu hayo, na dukani huhitaji kifaa cha ajabu kuijua. Chukua rula, pima kutoka ukingo wa tundu moja hadi ukingo wa upande uleule wa tundu la jirani. Ukipata karibu milimita 59, ni 100. Ukipata 67, ni 114.3. Hizi zilitoa 59.

Kisha tundu la katikati. La Subaru ni milimita 56.1, habu ya Premio, yaani kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu hilo, ni 54.1. Kwa hiyo rimu ya Subaru inavaa kwenye Toyota ikiwa imelegea kidogo, ila ya Toyota haiingii kabisa kwenye Subaru. Kwenda kunawezekana, kurudi hakuna.

Mgongoni zimeandikwa upana wa inchi 6.5 na ofseti 48, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu; za kwangu ni 6 na 45. Hesabu yake: ukingo wa ndani unasogea kwenye shokapu kwa zaidi ya milimita 9, wa nje unatokeza kama 3 tu. Nilipoingiza vidole kati ya tairi la zamani na shokapu, nafasi ilikuwepo ya kutosha. Nikalipa.

Tairi zimepata kwao

Tairi zilizokuja na rimu ni 215/60R16: upana milimita 215, ukuta asilimia 60 ya upana huo, rimu inchi 16. Bado zina meno, lakini kwa Premio ni ndefu mno. 195/65R15 ya kiwandani ina kipenyo cha milimita 634 na nusu. Hizi zina 664. Tofauti ni karibu asilimia 5. Mshale ukisoma 100, gari linakimbia karibu 105, na trafiki wenye tochi za kupima mwendo vijijini hawasomi dashibodi yako. Tena kwenye matuta, abiria wakijaa nyuma, lingeanza kusaga madigadi.

Kipimo hichohicho ndicho cha Mark X ya inchi 16, na shemeji yangu anayo. Zikavuliwa, zikaenda kuvaa rimu zake. Mimi nikanunua 205/55R16 mpya: kipenyo karibu 632, na uwezo wa kubeba ni 91 kama za zamani, yaani kilo 615 kila moja. Kabla ya kulipa soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka wa kutengenezwa. Tairi lililolala stoo miaka linang'aa vizuri sana likipakwa dawa.

Gerezani, pete na nati

Ile nafasi ya tundu la katikati ni milimita 2 kwa kipenyo, kwa hiyo pete inayojaza ina ukuta wa milimita 1 tu. Fundi wa kukereza, pale mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, alitazama michoro yangu, akatazama alumini yake, akaguna. Alizitoa safi, na ya kwanza ilipoingia kwenye habu kwa kubonyezwa na kidole gumba, hata yeye alitabasamu. Pete haibebi gari. Kazi yake ni kuiweka rimu katikati wakati unakaza.

Nati za Subaru usizichukue hata ukipewa bure. Unene wa bolti ni ule wa milimita 12, ila hatua ya uzi, yaani umbali kati ya uzi mmoja na unaofuata, ni 1.25, na ya Toyota ni 1.5. Inashika mzunguko mmoja, ukiilazimisha inakula uzi. Nimenunua za Toyota zenye kichwa cha koni.

Jumapili ya kufunga

Habu zilisuguliwa kutu kwa brashi ya waya hadi chuma kikaonekana. Kila nati iliingia kwa mkono zaidi ya mizunguko 8, yaani zaidi ya milimita 12 za uzi, ndipo spana ikaguswa. Bunduki ya upepo ya kukazia nati nilimwomba kijana wa gereji aiweke mbali. Nimekaza kwa kuruka tundu, kama kuchora nyota, hadi 103 Nm, kipimo cha nguvu ya kukaza. Usukani ukazungushwa mwisho kulia na kushoto, watu watatu wakakaa nyuma: hakuna panapogusa.

Baada ya Chalinze

Nimeenda nayo Morogoro. Pale Chalinze nilisimama kukaza tena. Nati mbili za mbele kushoto zilikubali kidogo. Usukani hautetemeki. Kwenye mashimo inagonga zaidi kuliko zamani, kwa sababu ukuta wa tairi umepungua kutoka milimita 127 hadi 113, na hilo nililitarajia.

Jirani mwenye Impreza, nayo ni Subaru, alitaka rimu zangu za zamani. Nikampa rula apime habu yake, akaziacha. Zimechukuliwa na mwenye Wish, na ya akiba imebaki kwenye buti.