Siku moja maishani mwangu: ripoti yenye matoleo saba

Saa 11:50 alfajiri. Simu inaita kabla ya kengele. Kundi la WhatsApp la kazini: "Ripoti iko wapi?" Niliituma jana usiku. Naituma tena kimyakimya, maana ukisema ulishaituma unaambiwa una mdomo.

Saa 2:00 asubuhi. Nasaini mahudhurio. Ukichelewa dakika tano unakatwa mshahara. Ukitoka saa mbili usiku hakuna daftari linalojua.

Saa 2:15. Kikao cha "dakika kumi tu". Tunatoka saa 4:05. Meneja anasoma majina ya walioshindwa kufikia malengo, mmoja mmoja, kwa sauti. Binti mpya, ana wiki tatu tu, anaulizwa kwa nini hajamaliza kazi ambayo hakuna aliyemkabidhi. Anatazama meza. Nasi wote tunatazama meza. Hapo ndipo ninapojichukia: tuko kumi na mmoja, wote tunaujua ukweli, na hakuna hata aliyekohoa. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unasema tendo linaweza kuwa unyanyasaji hata likitokea mara moja. Kwetu ni kila Jumatatu.

Saa 4:30. Meneja anataka jedwali liwe grafu. Sawa.

Saa 5:20. Mkurugenzi: "Nani kakwambia uweke grafu?" Meneja amesimama pale pale, ghafla simu yake ina mambo mengi.

Natoa daftari langu. Mwaka jana nilipewa barua ya onyo kwa kutekeleza agizo la mdomo ambalo aliyelitoa alilikana. Tangu hapo kila agizo naliandika: saa, nani, kasema nini. Kisha natuma barua pepe fupi, "kama tulivyozungumza". Hajawahi kunijibu mtu, lakini barua ipo. Hili ni daftari la tatu.

Saa 7:00 mchana. Nakula mezani, jicho kwenye skrini.

Saa 8:00 hadi 10:00. Wakubwa wako kikaoni. Kazi yote ya siku inafanyika ndani ya saa hizi mbili. Watu wanaulizana maswali, wanasaidiana, hata kucheka. Mlango wa kikao ukifunguliwa, kimya.

Saa 10:40. Binti mpya ananikuta kwenye ngazi. "Kaka, hivi hapa ni hivi siku zote?" Neno "utazoea" linanifika kooni. Ndilo niliambiwa mimi. Nalimeza, nampa daftari tupu nililokuwa nimeliweka akiba, namweleza linavyotumika.

Saa 2:10 usiku. Toleo la saba limekwenda. Natoka.

Saa 3:12 usiku. Kundi la kazini, meneja: "Rudisheni lile jedwali la mwanzo."

Dakika moja baadaye napokea picha, kwangu peke yangu. Ukurasa wa kwanza wa daftari, mwandiko mzuri: "3:12 usiku. Meneja. Jedwali lirudi."