Punje kumi, watu kumi

Mi sikuwa mutu wa rozari. Yangu ya komunio ya kwanza ilibaki miaka yote inaning'inia ku msumari karibu na kioo, na mu sala za shirika, kikundi cha Wakristo wa mtaa, nilikuwa najulikana tu ju ya kuchelewa. Chenye kilinifundisha kusali ni maji. Mwanzo wa 2025 vita ilipoingia Goma, robine zikakauka, umeme ukapotea, ikabidi kila kukipambazuka tushuke ziwani na bidoni za lita 20, na njia ni mawe ya volkano tupu, mutu unaenda kimya ju siku zile hakuna mwenye alikuwa anataka kuongea. Njo nikaanza kusali kama koko wangu, mzazi wa mzazi wangu.

Koko alikuwa na namna yake. Kila Salamu Maria alikuwa anaipa mutu. Si ile ya "kwa ajili ya familia", hapana, jina. Punje ya kwanza ya rozari ni ya fulani, ya pili ya fulani, mpaka kumi, kiisha Atukuzwe, anaanza wengine. Makumi matano, watu 50. Siku ya volkano, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, tukikimbilia Gisenyi, kule Rwanda, na magodoro ku kichwa, alikuwa anataja majina kwa sauti njia yote, sisi watoto tulifikiri anahesabu kama hakuna mwenye amepotea, na pengine njo ile alikuwa anafanya. (Mwaka ule ule, mwezi wa kumi, Papa Yohane Paulo wa Pili akaongeza mu rozari mafumbo ya mwanga, ya kutafakari kila Alhamisi, siku yenye ilikuwa ya mafumbo ya furaha. Koko akasema: lava imekula mpaka katedrali, sasa na nyie mnaniletea mafumbo mapya ya kushika? Mpaka anakufa, Alhamisi yake ilibaki ya furaha.)

Rozari yangu ilikatika haraka tu, uzi ulikuwa umeoza. Nikahesabia ku vidole. Kushuka ni rahisi, mikono iko huru. Kupanda ndo kazi, bidoni iko ku mugongo, mikono imeshika kamba, nahesabu na vidole vya miguu mu kambambili, msicheke, inawezekana.

Kumi la kwanza ni la nyumbani. La pili la marehemu, na lile linaendaga pole pole. La tatu ni la wenye tumegombana nao, mwenye nyumba yuko pale, na mwanzoni nilikuwa namtaja kama vile unampeleka mutu polisi. Kiisha miezi miwili nikashtuka siku moja najua mke wake anaumwa mguu gani. Nilijuaje? Nilikuwa nimemuuliza. Sikumbuki hata nilianza lini kumusalimia.

Shida yangu kubwa ilikuwa punje ya mwisho ya kumi la nne. Pale nimemuweka Floribert Bwana Chui. Mutu wa Goma kabisa, alikuwa anafanya kazi OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, akakataa rushwa ili muchele wenye kuoza usiingie mu mji, wakamuua 2007, alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025 alitangazwa mwenye heri kule Roma, mu basilika ya Mtakatifu Paulo, na mi nilifuata ku telefoni ya jirani, rezo inakatika, inarudi. Nililia kweli. Nikamuweka mu rozari asubuhi yake.

Sasa mi nauzaka maharagwe. Mwezi wa saba nilikuwa na nusu mfuko imeingia wadudu, benki zimefunga, pesa haizunguki, nikaichanganya na ile mpya, kopo moja ya zamani kwa tatu ya mpya, haionekani. Wote tunafanyaka vile, nisidanganye. Kesho yake niko ku njia, nafika ku ile punje, nasema "Floribert", na Salamu Maria haitoki. Nikarudia. Haitoki. Mutu alikufa ju ya muchele wenye kuoza na mi niko na maharagwe yangu namuomba aniombee. Nilisimama pale ku mawe mpaka mama mwenye alikuwa nyuma akaniuliza kama nimejikwaa.

Kuchagua nusu mfuko iliyochanganyika ilikamata siku mbili, macho yaliniuma, mbaya nikaziuza bei ya chini na kusema wazi ziko na wadudu. Zikaisha haraka kuliko nzuri! Watu hawana pesa, wanachambua wenyewe. Sijui kama Floribert alicheka.

Robine imerudi, inatoka siku zingine. Lakini asubuhi natoka tu, hata bila bidoni, majirani wanafikiri ni michezo.

Mtoto wangu, kabla ya egzame ya mwisho wa primeri, aliniuliza yeye yuko ku punje ya ngapi. Nikamwambia ya pili.

"Na ya kwanza ni nani?"

"Koko."

"Si amekufa, aende ku kumi la pili?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Koko amebaki pale pale.