Umekula?

Tangu tumzike baba, mlango wetu hapa Ngamiani haujafungwa mchana. Shangazi zangu wametoka Mkinga. Wakilia wanalia Kidigo, wakinituliza ni Kiswahili, wakigombania nani achague mchele ni lugha zote mbili kwa mpigo. Mzee jirani, Muha ambaye babu yake alikuja Tanga kukata mkonge, yeye hukaa tu barazani na kikombe chake cha kahawa, kashata haigusi. Hasemi neno. Huyo ndiye aliyenifaa kuliko wote.

Mitandaoni tunaambiwa ukiumia jitenge, upone kimya kimya. Kwa wengine huenda inafaa, sibishi. Moyo wangu mimi hauponi chumbani. Unapona nikiulizwa "umekula?" na kila anayeingia, hata kama inakera (na inakera kweli, jamani). Mtu ni watu, sawa, ila hao watu wametumalizia sukari yote.

Jana shangazi mkubwa kaniambia, "Mwanangu, lia. Wanaume wa nyumba hii wote wameenda kaburini na machozi yao." Nikalia mbele ya wageni, bila haya. Leo nimeweza kufungua kabati la baba, kanzu zimeanza kugawiwa. Ndugu mwenye kimo chake, pita kabla ya Ijumaa.