Mzigo wa vioo toka Hamburg: wa kwanza ulivunjika, wa pili ukafika mzima

Mi napima mafuta kwenye viungo, hasa iliki za wakulima wa Amani huku Muheza, mkulima analeta sampuli naichemsha na maji kwenye kifaa cha kioo kinaitwa Clevenger alafu namwambia iliki yake ina mafuta asilimia ngapi kabla hajaenda kuongea bei na mnunuzi. Kifaa chenyewe ni kioo kitupu, chini chupa ya duara, juu kondensa ya kupozea mvuke, na pembeni kuna mrija wenye vipimo vya mililita na mwingine umelala mshazari unarudisha maji kwenye chupa. Huo wa mshazari ni mwembamba kama penseli, na ndio ulionitoa machozi 2022.

Mdogo wangu anaishi Hamburg, akanipatia seti iliyotumika lakini safi kabisa, akaifunga kwa magazeti, nailoni ya mapovu na vile vipande vyeupe vyepesi kama bisi, boksi moja, akampa wakala wa mizigo ya ndege. Wakala akamwambia "mzigo una bima". Tukalala tumetulia. Boksi lilipofika Dar nililiinua tu nikasikia ndani kitu kinamwagika kama changarawe, nikajua. Mrija wa mshazari ulikua umekatika pale pale ulipoungwa kwenye mwili wa kifaa na kondensa imepasuka tumboni.

Nikadai fidia nikakataliwa, na ndio hapo nilipoelewa kitu ambacho naona watu wengi hawaambiwi: ile "mzigo una bima" haikua bima. Ilikua ni dhamana ya shirika la ndege kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal wa 1999, ambayo inahesabu kilo, haihesabu thamani. Wakati ule kikomo kilikua SDR 22 kwa kilo (tangu mwisho wa 2024 ni 26), SDR ni hesabu ya fedha ya IMF, moja ina thamani kubwa kidogo kuliko dola. Boksi langu lilikua kilo 9, kwaiyo hata wangekubali nisingevuka dola 280, na kioo kingekua cha thamani mara kumi ya hapo bado ni hiyo hiyo. Na hata hiyo hawakutoa, kwasababu mkataba huo huo unasema uharibifu uliotokana na ufungaji mbovu wa mwenye mzigo hauwahusu wao. Picha za boksi nilizotuma mwenyewe ndio zilitumika kuonyesha vioo vilikua vinagusana.

2023 nikaanza upya, safari hii nikaanza na dalali wa bima pale Dar kabla ya kununua chochote. Alinikalisha akanieleza kwa utulivu, namshukuru sana. Sheria yetu inataka mzigo unaoingia nchini ukatiwe bima na kampuni za hapa hapa, na inaitwa bima ya baharini hata kama mzigo unapanda ndege. Kuna masharti A, B na C, yale yanayotumika dunia nzima, C ni ya majanga makubwa kama meli kuzama au moto, kioo kikianguka mikononi mwa mpakiaji C haikusaidii kitu, unahitaji A inayobeba karibu kila hatari. Nikamwambia nataka nitafute tena kilichotumika, akanikatiza: "Dada, kioo cha mtumba hakuna atakayekubali kubeba hatari ya kuvunjika, watakwambia ufa ulikuwepo toka mwanzo. Nunua kipya, uwe na risiti." Nikanunua kipya. Euro 1,150 kifaa, 310 usafiri, jumla 1,460, juu yake ukaongezwa asilimia 10 kama ilivyo kawaida, bima ikaandikwa kwa 1,606. Nikaomba pia iandikwe toka ghala la muuzaji hadi mlangoni kwangu Tanga, sio iishie uwanja wa ndege.

Lakini kitu alichonisisitizia kuliko vyote ni kwamba hata A haifidii mzigo uliofungwa vibaya. Yaani bima inaanzia kwenye kufunga. Unaweza kulipa kila senti na bado ukakosa.

Kwaiyo duka lilipompelekea mdogo wangu vile vioo nikamwambia asifunge mpaka nipige video. Tulikaa masaa mawili na nusu. Kwanza koki zote zitoke, usiache koki wala kizibo ndani ya shingo, maana pale kioo kimekwaruzwa makusudi ili vishikane, kikibanwa na mtikisiko wa safari kinang'ang'ania na kukitoa ndio unavunja. Kila kipande peke yake. Ule mrija wa mshazari nilimwambia asiuzungushie nailoni ya mapovu kwa nje kama alivyofanya mwanzo, kwasababu ukivuta nailoni ikakaza unaubana mrija uelekee kwenye mwili, unakua umeupinda kabla hata haujatoka nyumbani. Jaza kwanza ule uwazi katikati ya mrija na mwili, laini, bila kukandamiza, mpaka kifaa kizima kionekane kama gogo moja la duara, hapo ndio uzungushe nje. Alikata sponji ya godoro la mtoto vipande vidogo akawa anavichomeka kwa kidole kimoja kimoja, namuona kwenye simu ameshika pumzi.

Alafu boksi dogo, sponji chini, pembeni, juu, hakuna kioo kinachogusa kioo wala ukuta wa boksi. Akalifunga akalitikisa karibu na simu nisikilize. Nikasikia kitu kinasogea. Akaniambia "dada ni kidogo tu", nikamwambia fungua. Akafungua, akaongeza, akatikisa tena, kimya. Hilo likaingia kwenye boksi kubwa la karatasi ngumu ya mawimbi mawili, nafasi ya sentimita 7 kila upande nayo imejazwa sponji, zile bisi nilizikataa kwasababu kitu kizito kinazizamia polepole mpaka kinafika chini. Kila hatua akapiga picha, na ndani juu kabisa akaweka karatasi yenye orodha ya vipande na picha ya namna ya kuvirudisha.

Gharama yake muijue mapema. Boksi la 2022 lilikua sentimita 50 kwa 35 kwa 30, hili kubwa la safari ya pili 60 kwa 50 kwa 50. Mizigo ya ndege wanazidisha sentimita alafu wanagawa kwa 6,000, kwaiyo hili lilihesabiwa kilo 25 wakati kwenye mizani lina kilo 11. Unalipia hewa, lakini hiyo hewa ndio inayookoa kioo. Na temomita ya zebaki msiweke kabisa, kwenye ndege inahesabika mzigo wa hatari maana zebaki inakula aluminiamu, mi nilinunua ya spiriti hapa hapa.

Uwanja wa ndege Dar nilienda mwenyewe na ejenti wangu wa kliaringi, na vizuri nilienda kwasababu afisa wa forodha alitaka lifunguliwe. Nikamuomba "naomba nifungue mimi mkuu, ni vioo", akakubali, nikamuonyesha ile karatasi, akakagua vipande vyote saba nikavirudisha kama picha inavyosema. Sikusaini kupokea mpaka nilipomaliza. Kama kuna kasoro unaiandika pale pale kwenye karatasi ya makabidhiano alafu unatuma barua, shirika la ndege linataka malalamiko ya maandishi ndani ya siku 14, na bima nao uwaambie siku hiyo hiyo, usitupe boksi wala sponji maana mkaguzi wao atataka kuviona.

Kwenye basi la Tanga nililipia siti mbili, kondakta alitaka liingie kwenye buti nikakataa. Nyumbani nikatoa zile sponji kwa vidole vile vile kimoja kimoja, mrija wa mshazari ukatoka mzima. Kesho yake nikachemsha iliki ya mama mmoja wa Amani aliyekua ananisubiri toka mwaka uliopita, baada ya dakika kama ishirini mafuta yakaanza kukaa juu ya maji kwenye vipimo, na tulikua tumesimama wote wawili tunayaangalia.