Mwalimu wa Kiswahili aliyefia Sachsenhausen

Wiki hii nimezama katika habari za Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Wajerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la kikoloni la Ujerumani, naye akaingia jeshini humo bado mtoto, vita vya 1914 vilipoanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai malimbikizo ya mishahara yao wawili. Akanyimwa. Akabaki hukohuko, akawa mhudumu wa mkahawa na mwalimu wa Kiswahili chuo kikuu. Namwona akiwarudi wanafunzi: si "kitabu yangu", ni "kitabu changu".

Alioa Mjerumani mwanzoni mwa 1933, Hitler akiwa mbioni kushika madaraka. Aprili mwaka huo Wayahudi walianza kufukuzwa katika utumishi wa umma. Septemba 1935 zikaja sheria za Nuremberg: Myahudi si raia tena, wala haruhusiwi kuoana na Mjerumani. Nani Myahudi? Karani alihesabu mababu na mabibi. Watatu wakiwa wa jamii ya Kiyahudi, basi, hata kama wewe mwenyewe ulibatizwa ukiwa mchanga. Hapa ndipo ninapokwama kila nikisoma: bibi yako yuko kaburini miaka mingi, na dini yake ndiyo inayokuondolea uraia leo.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Haikupita hata miezi mitatu, marufuku ile ya ndoa ikawafikia Waroma, wale walioitwa Wajipsi, na watu weusi. Haikuhitajika chuki mpya, maelekezo ya wizara tu.

Wayahudi wakazidi kubanwa. Mwaka 1938 pasipoti zao ziligongwa herufi J nyekundu, ya Jude, yaani Myahudi kwa Kijerumani. Mwaka 1940, mjini Berlin, waliachiwa saa moja tu ya kununua chakula, saa kumi hadi kumi na moja jioni. Nimeifikiria sana saa hiyo. Mama ametoka kazini, foleni ni ndefu, na mwenye duka anamjua tangu utotoni. Wakati huohuo walemavu na wagonjwa wa akili walikuwa wakiuawa kwa gesi. Kufikia Agosti 1941 walishapita 70,000.

Mahjub alijihesabu askari wa Ujerumani. Aliomba nishani ya vita kama maveterani wengine, akakataliwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa madai ya uhusiano na mwanamke mwingine Mjerumani, asiye mke wake, "kuchafua rangi" kama walivyoita. Hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, nje kidogo ya Berlin, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Berlin wamemwekea kibamba cha shaba chenye jina lake barabarani. Mimi nataka jina hilo liingie pia katika vitabu vya historia vya shule zetu, kwenye sura ileile inayowataja Wayahudi milioni sita na Waroma, maana dola iliyowaua hao ndiyo iliyomfunga yeye.