Padre na mlipuko mkubwa

Jana tumekwama kwa jam ya Lang'ata Road, jamaa wa kiti cha kando, mahindi choma mkononi, ananiambia ati sayansi ilishamaliza Mungu, ulimwengu ulianza na mlipuko mkubwa, basi. Nikamuuliza, kwani unajua nani alileta hiyo maneno? Ni padre bana, Georges Lemaître wa Ubelgiji, 1927 alishaandika ulimwengu unapanuka na bado alikuwa anasoma misa (ingawa mwenyewe hakutaka itumiwe kuthibitisha Mungu, tuseme ukweli). Kujua vile injini inazunguka hakuondoi fundi. Akatafuna kidogo, akasema sawa, na mbona watoto wanakufa na kansa? Hapo sikuwa na jibu, nikamwambia tu hata Yesu alilia kwa kaburi la Lazaro. Akanimegea mahindi.