Kazi ya kompyuta ndani ya Hiace ya kulala: Dar mpaka Lushoto kwa wazee

Mafundi wengi wanaogeuza Hiace kuwa gari la kulala huanza na kitanda, kabati na mapazia. Umeme huja mwisho, kwa kubahatisha. Kwa mtu wa wikiendi moja haina shida. Kwa anayekaa mbele ya kompyuta saa nane kwa siku, safari inamharibikia siku ya pili tu, jua likijificha.

Piga hesabu kabla hujanunua chochote. Kompyuta mpakato hula wastani wa wati 40, kwa saa nane ni wati-saa 320. Rauta ndogo wati 10 kwa saa kumi, 100. Friji ya volti 12 ya kompresa yenye wati 45, kwa joto la pwani huwaka karibu nusu ya siku: 540. Feni ya wati 15 usiku kucha, 120. Taa na simu, weka 80. Jumla ni wati-saa 1,160 kwa siku, na hapo hujachemsha hata kikombe cha chai kwa umeme.

Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,280, lakini ukitaka idumu tumia asilimia 80, yaani kama 1,020. Haifiki hata siku moja isiyo na jua. Ndiyo maana kwa kazi tunashauri ampea-saa 200. Betri ya maji ni rahisi dukani, ila ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema. Kwa hiyo ya ampea-saa 100 unapata kama wati-saa 600 tu, na uzito wake ni zaidi ya mara mbili.

Juu ya paa paneli mbili za wati 200 zinatosha. Zikiwa zimelala bapa, zina vumbi na zimepata moto, hesabu asilimia 70 ya uwezo wake: saa tano za jua kali zinakupa kama wati-saa 1,400. Lushoto mwezi wa saba, ukungu ukikaa mpaka mchana, shika nusu ya hiyo.

Pengo linazibwa na alteneta, yaani jenereta ya injini inayochaji betri ya gari, na hapa ndipo mafundi wanapounguza vitu. Usikubali betri ya lithiamu iungwe moja kwa moja na ya gari. Inavuta umeme mwingi kuliko alteneta inavyoweza kutoa kwa muda mrefu, na gari likiwa limesimama na injini inanguruma polepole, feni ya alteneta haiipoozi vya kutosha. Kati ya betri hizo mbili weka chaja ya DC-DC ya ampea 30, ambayo inatoa kama wati 400. Mwendo wa saa moja na nusu unarudisha wati-saa 600. Waya uwe wa milimita mraba 16. Kutoka kwenye injini mpaka nyuma ni kama mita tano, kwenda na kurudi kumi. Waya wa milimita 6 utapoteza karibu volti 0.9 njiani, wa 16 kama 0.3. Fyuzi mbili za ampea 40, moja karibu na kila betri, kwa sababu waya huo una umeme pande zote mbili.

Mwizi mwingine wa umeme ni inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Hata ikiwa haina kazi, nyingi hula wati 10 hadi 15. Ukiisahau imewaka mchana na usiku, zimekwenda wati-saa 240 hadi 360, sawa na siku nzima ya kompyuta. Nunua chaja ya kompyuta ya USB-C inayochomekwa kwenye volti 12, wati 65, inveta ibaki ya blenda na pasi ya usafiri.

Saa za kazi nazo zina hesabu yake. Anayefanya kazi na ofisi ya London huanza saa tano asubuhi, au saa sita mchana wakati wa baridi yao. Huyo anafaidi jua. Wa New York anaanza saa kumi jioni, na majira yao yakibadilika saa kumi na moja. Sehemu kubwa ya kazi yake anaifanya gizani, kwa umeme uliotunzwa, kwa hiyo betri lazima iwe imejaa kabla ya saa tisa mchana.

Mtandao upimwe kabla ya kuzima injini. Laini mbili za kampuni tofauti, moja kwenye rauta na nyingine kwenye simu. Watu hutazama kasi ya kupakua tu, kumbe kikao cha video hukwamia kwenye kupandisha: chini ya megabiti 3 kwa sekunde, tafuta pengine. Bodi ya Hiace ni bati, inazuia mawimbi, basi antena ya nje juu ya paa si anasa. Usambara, milima ya huko Lushoto, ina mabonde. Ukishuka kwenye kona moja mnara unapotea, ukipanda mita mia mbili unarudi.

Njia yenyewe iachiwe Jumamosi. Pita Bagamoyo, magofu ya Kaole yako kilomita chache tu kusini mwa mji, kisha barabara ya lami ya Msata yenye kilomita 64, ambayo inakuepusha na foleni ya Chalinze. Kutoka hapo Segera, Mombo, halafu kupanda. Kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa, na askari wa tochi hawana mzaha. Faini ni shilingi 30,000. Pembetatu mbili na mtungi wa kuzimia moto viwe karibu na mkono, visifukiwe chini ya godoro. Anayetumia Coaster badala ya Hiace akumbuke mizani: gari linalozidi kilo 3,500 linapaswa kupita. Jumapili nenda kwenye mwamba wa Irente, karibu na mji wa Lushoto, ukatazame nyika kutoka juu, Jumatatu urudi kwenye kiti.

Nyumbani kwa wazee ndiko kituo kigumu kuliko vyote. Mwana kufika halafu akalale kwenye gari uani ni kama kukataa nyumba. Usiku wa kwanza lala ndani, kula kilichopikwa, gari lisubiri. Kesho yake sema wazi: "Mama, kuanzia saa tano nipo kazini humu garini, saa nane kamili nakuja kula." Usiposema saa, utaitwa katikati ya kikao kumsalimia jirani, na kwao mtu anayetazama kioo hafanyi kazi. Ukichomeka gari kwenye umeme wa nyumba, nunua LUKU siku hiyo hiyo bila kuombwa. Kujaza betri ya ampea-saa 200 kutoka chini ni karibu uniti tatu, na mzee anaiona mita ikishuka. Choo cha dawa cha ndani ya gari usikimwage kwenye shimo la choo chao; dawa hiyo inaua vijidudu vinavyoozesha uchafu.

Egesha gari likitazama getini, kwenye ardhi ngumu. Mvua moja ya usiku kwenye udongo mwekundu inatosha kukufanya utafute vijana wa kusukuma.

Siku ya kuondoka utapakiwa viazi, kabichi na peasi, upende usipende. Gunia lisikae nyuma kabisa mlangoni, maana uzito ukizidi nyuma ya ekseli, mbele panakuwa pepesi na usukani unalegea kwenye kona. Liweke sakafuni katikati, ongeza upepo kwenye matairi ya nyuma kwa kufuata kibandiko cha mlangoni, funga valvu ya mtungi wa gesi. Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi na mteremko wa karibu mita 1,000: shuka na gia namba mbili au tatu, breki uziguse kwa vipindi. Ukianza kusikia harufu yake pale Soni, njiani kuteremka, simama, uziache zipoe bila kuzimwagia maji.